Watoto Kumi na Mmoja wa Nyumba Moja

Mwaka wa ukame ule mkubwa, mto Mohokare wa mpakani ulipopungua mpaka kondoo wakawa wanavuka bila kulowa magoti, mwalimu mwenzangu Nthofeela Ramakhula alipata barua kutoka kwa taasisi moja ya utafiti huko Maseru. Walikuwa wanatafuta walimu wa shule za mpakani waandike ripoti fupi: serikali yetu ya Lesotho inatumia kiasi gani kwa mwanafunzi mmoja wa sekondari, serikali ya Afrika Kusini inatumia kiasi gani, na tofauti hiyo inaonekanaje darasani. Ripoti zitakazochaguliwa zingesomwa mbele ya maofisa wa nchi zote mbili.

Nthofeela alikuwa amefundisha hesabu katika shule yetu kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyechapa mtoto wala kumsahau aliyekosa kuleta kazi yake. Mumewe alifia mgodini mapema, wakiwa hawajajaliwa mtoto, kwa hiyo aliishi na dada yake Malineo, mshonaji katika kiwanda cha nguo, pamoja na binti wa Malineo aitwaye Keneuoe, msichana wa miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa nafundisha kilimo chumba cha pili. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa na ufa mpana, tukawa tunapitishiana chaki humo.

"Ntate Phakiso," aliniambia siku ile, akiniita bwana kwa heshima ya kwetu, akiwa ameingiza kichwa tu mlangoni, "wewe ndiye mwenye kompyuta isiyozimika ovyo. Nina kazi ya watu wawili."

Tulitumia wiki tatu kusoma bajeti za serikali zote mbili. Nilidhani najua tutakachokuta. Sikujua. Mstari wa kwanza wa jedwali ulipokamilika, Nthofeela alikwenda kumsomea mkuu wetu wa shule, Ntate Lebusa, katika chumba cha walimu.

"Soma tena," Lebusa akasema.

"Ukichukua pato lote la nchi, sehemu tunayoitoa sisi kwa elimu ni kubwa kuliko sehemu wanayoitoa wao."

"Sisi akina nani?"

"Sisi Lesotho."

Mkuu akainua macho darini, mahali tulipokuwa tumefunga karatasi ya nailoni kuzuia mvua za miaka ambayo mvua ilinyesha. "Basi dereva anayezileta hizo pesa amepotea njia. Mtu ampigie simu."

Walimu wakacheka. Nthofeela alicheka pia, kisha akasoma mstari wa pili, wa fedha inayomfikia mtoto mmoja wa sekondari. Hapo wao walikuwa wametupita mbali sana.

"Sufuria yetu ni ndogo," alieleza. "Tunampakulia mtoto karibu nusu ya sufuria, na bado ana njaa. Wao wanampa upawa mmoja, lakini wanachota kwenye pipa."

Ng'ambo, katika mji ulio upande wa pili wa daraja, palikuwa na sekondari isiyotoza ada. Watoto walipewa vitabu, na saa nne walipewa chakula: wali na maharage, siku nyingine ugali na samaki wa kopo. Kwetu elimu ya bure iliishia shule ya msingi. Kuanzia kidato cha kwanza mzazi alilipa ada, akanunua vitabu, akachangia kuni za jikoni. Ndiyo maana kila asubuhi watoto wetu walivuka mpaka na sare za shule ya watu. Keneuoe alikuwa mmoja wao. Alikuwa darasa la kumi na moja, akibakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa kufika kwenye mtihani wao wa mwisho. Mwalimu wa hesabu ana mtoto wake ndani ya nyumba, na mtoto huyo anasoma hesabu kwa wengine. Hatukumtania kwa hilo. Kila mmoja wetu alikuwa na wa kwake.

"Jedwali peke yake litasomwa na kukunjwa," Nthofeela aliniambia. "Nataka kuonyesha watoto wanavyoifuata pesa kwa miguu."

Basi tukaenda kuwahesabu. Kwa wiki mbili, kabla ya kengele yetu, mimi nilisimama karibu na daraja na yeye akasimama pale chini wanapovukia wasio na pasi, tukiwa tumejifunga mablanketi. Tulipata watoto sitini na watatu. Kisha akataka kuzungumza nao. Wasingezungumza na mwalimu yeyote, ila Keneuoe aliwaambia, "Huyu ni mama yangu mdogo, msiogope," nao wakamwamini. Walikaa jikoni kwa Malineo wakila makoenya, maandazi ya kwetu, ya moto na kueleza kila kitu: nani anakopa sare ya nani, nani analala njiani mto ukijaa, na wanavyojiandikisha. Shule ilitaka anwani ya upande ule. Waliokuwa na shangazi huko waliandika nyumba ya shangazi. Wasio na mtu waliandika nyumba ya bibi mmoja mjane, Mme Puseletso, yaani Mama Puseletso, aliyekuwa akifagia kanisa. Watoto kumi na mmoja waliishi kwake kwenye karatasi. Bibi mwenyewe hakuomba kitu. Wao walimchotea maji na kumpelekea unga mara mojamoja.

Nthofeela aliandika ripoti kwa uangalifu mkubwa. Hakutaja jina la mtoto, wala la bibi, wala la shule. Usomaji wa mwisho tuliufanya pamoja, na nakumbuka kidole chake kilisimama kwenye sentensi moja: *Katika nyumba moja yenye vyumba viwili, ya mfagizi wa kanisa, wameandikishwa wanafunzi kumi na mmoja ambao hawajawahi kulala humo.*

"Hii niitoe?" akauliza.

"Iache," nikasema. "Hiyo ndiyo itakayowachoma."

Akaiacha.

Kikao kilifanyika Maseru mwezi wa nne, katika ukumbi wa hoteli. Nilikwenda naye. Alisoma bila kutetemeka, na mtu alipouliza swali alijibu kwa upole kama anavyomjibu mtoto wa kidato cha kwanza. Ofisa wa upande wetu alisimama akapongeza. Alisema utafiti wa mwalimu wetu umethibitisha kwamba Lesotho inaitanguliza elimu kuliko hata jirani yake tajiri. Alirudia mara tatu ule mstari wa kwanza. Wa pili hakuugusa. Ofisa wa upande wa pili, bwana mwembamba mwenye adabu nyingi, hakusema neno hadharani. Wakati wa chai alimfuata Nthofeela, akasifu kazi yake, akaomba nakala. Akapewa.

Tulirudi tumefurahi. Siyo kufurahi kwa kweli, ila ile hali ya mtu aliyesema jambo lake likasikika. Wiki mbili baadaye redio ya kwetu ikatangaza kwamba tunawashinda Afrika Kusini kwa kuwekeza katika elimu. Redio ya ng'ambo ikatangaza kwamba shule za mpakani zinabeba mzigo wa watoto wa nchi nyingine. Zote mbili zilikuwa zinasoma ripoti ileile.

Mwezi wa sita, baridi imekaza, watu wa idara ya elimu ya kule, idara ya yule bwana mwembamba, walifika kwenye ile shule ya ng'ambo na kuagiza rejista. Hawakuhitaji siku nyingi. Walimtafuta mfagizi wa kanisa, na katika mji ule mfagizi wa kanisa mwenye vyumba viwili alikuwa mmoja. Walipofika kwake walimkuta anaanika nguo. Walimwuliza watoto kumi na mmoja wako wapi. Bibi akasema wako shule. Kutoka kumi na mmoja wale wakaanza kukagua anwani nyingine zote. Watoto arobaini na wawili walipewa siku kumi kuleta vyeti vya uraia au mikataba ya nyumba, vitu ambavyo hakuna mzazi wao aliyekuwa navyo.

Keneuoe alirudi siku ya Alhamisi, saa sita mchana, saa ambayo hakuwa na kawaida ya kuonekana. Alikuja moja kwa moja shuleni kwetu. Nilikuwa nafundisha, nikamwona kupitia dirishani akipita na mkoba wake, na kwa sababu ya ule ufa nilisikia yote.

"Uliandika namba ya nyumba?"

"Kene, mbona uko huku saa hizi? Ni nini?"

"Nimeuliza, mama mdogo. Uliandika namba?"

"Sikuandika namba. Wala jina."

"Uliandika kumi na mmoja. Uliandika anafagia kanisa. Mwalimu mkuu msaidizi amenisomea. Amenionyesha na jina lako juu, limepigwa chapa."

Darasa lake zima lilikuwa linasikiliza, watoto sabini na wawili.

"Mimi ndiye niliyewaleta kwako," Keneuoe alisema. "Niliwaambia wewe si mtu wa kuogopwa."

Jioni ile Malineo alitoka kiwandani akakuta habari imemtangulia. Hakupiga kelele. Alivua viatu vyake, akakaa, akamwambia mdogo wake, "Wewe si ndiye mjuzi wa hesabu. Haya, nihesabie. Darasa la kumi na moja la kule ni kidato gani huku?"

"Mitaala haifanani. Itabidi aanze kidato cha nne, pamoja na waliotangulia nusu mwaka, na pengine aurudie mwaka ujao."

"Na ada?"

"Nitalipa mimi."

"Sikukuuliza nani atalipa."

Kesho yake Nthofeela alivuka kwenda kumwona yule mwalimu mkuu msaidizi, Ntate Motaung. Nilimsindikiza. Motaung alikuwa mtu mnene mwenye kifua cha pumu, na alitukaribisha bila hasira, jambo lililotuumiza zaidi.

"Mme," alimwambia, "unadhani sikujua? Shule yangu inapewa fedha kwa idadi ya vichwa. Watoto wenu wakiondoka, napoteza walimu wawili. Nilikuwa nawahitaji pengine kuliko walivyonihitaji wao. Kujua nilijua. Ila nilikuwa sijajua kwa maandishi."

"Naweza kuandika barua. Naweza kusema nilikosea."

"Ulikosea wapi? Kila kitu ulichoandika ni kweli. Wataniuliza, mwalimu huyo ameongopa? Nami nitasema nini?"

Alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akasema lipo jambo moja analoweza kufanya. Watoto sita walikuwa darasa la mwisho, tayari wana namba za mtihani. Hao angewaficha nyuma ya namba zao mpaka wamalize. Wengine hakuwa na mahali pa kuwaweka.

"Mwanangu yuko la kumi na moja," Nthofeela alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita Keneuoe mwanangu.

"Najua. Ni mwanafunzi mzuri. Samahani, Mme."

Njiani kurudi, alisimama katikati ya daraja akashika chuma kwa mikono miwili. Nikasema maneno ambayo mtu husema: kwamba hakukusudia, kwamba wenye makosa ni waliotoa amri, kwamba siku moja ingejulikana tu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Wazazi hawajui," akasema. "Kene na Malineo ndio wanaojua. Wengine wanadhani kuna jirani aliyewachongea kule. Akina Malefu wameshaanza kumtuhumu mtu."

"Basi nyamaza. Utafaidi nini ukisema?"

"Huyo anayetuhumiwa ana watoto, Ntate."

Jumamosi alianza kwenda nyumba kwa nyumba. Nilimsihi asiende, na aliposhika njia nikamfuata, maana singeweza kukaa kwangu nikijua anatembea peke yake. Nyumba ya kwanza walikuwa akina Malefu. Aliingia, akasalimu, akakataa kiti.

"Nimekuja kuwaambia kwamba hakuna jirani aliyewachongea. Ni mimi. Niliandika ripoti, nikaeleza watoto wanavyojiandikisha. Sikutaja majina, lakini nilieleza kiasi cha kutosha kuwafikia."

Mzee Malefu akauliza, "Ulilipwa?"

"Nauli na chakula cha mchana."

"Afadhali ungelipwa," mzee akasema, akatoka nje kwenda kwa ng'ombe wake.

Nyumba ya pili walitupa chai, wakaomba tueleze tena, kana kwamba hawakusikia vizuri. Nyumba ya tatu mama wa mtoto alisema, "Toka," bila kuinuka. Mwanawe mkubwa, msichana wa kidato ambacho sasa hakikuwa na jina, alikuwa pembeni anakunja sare ya ng'ambo na kuiweka sandukuni. Nthofeela akatoka.

Katika nyumba ya nne aliposema "niliandika mimi," niliona midomo yake imepasuka kwa baridi na sauti imekwisha, na nikajikuta nimesimama.

"Alitaka kuifuta ile sentensi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aiache. Nilisema itawachoma wakubwa."

Mwenye nyumba, mama mmoja aitwaye Mme Selloane, muuza mboga, akanigeukia. "Na imewachoma?"

Nikakaa tena.

"Hebu nielezeni vizuri hiyo ripoti yenyewe," akasema. "Achaneni na sentensi. Ilikuwa inasema nini hasa?"

Nthofeela alieleza, kwanza kwa unyonge, halafu kama mwalimu. Alieleza sufuria ndogo na pipa. Mme Selloane aliuliza mtoto wa kule anapata kiasi gani na wa huku kiasi gani, na kwa nini pesa yetu, ikiwa ni sehemu kubwa hivyo ya pato, haionekani kwenye paa. Nthofeela alikiri kwamba swali la mwisho hakuwa amelifanyia kazi. Nyingi iliishia kwenye mishahara na shule za msingi na ufadhili wa vyuo, alisema, lakini asingeapa.

"Kalifanyie kazi basi," Mme Selloane akasema. "Ukimaliza, kabla hujapeleka hotelini, leta hapa."

Hatukufika nyumba zote siku ile. Ilichukua Jumamosi nne. Wawili walimtukana, mmoja alimmwagia maji ya kuoshea vyombo miguuni, na wengi hawakusema kitu cha kukumbuka. Hakuna aliyemsamehe kwa maneno. Malefu aliacha kumtuhumu jirani yake, hilo lilipatikana.

Ntate Lebusa alikubali kuwapokea watoto thelathini na sita waliobaki bila ada mpaka Januari, akijua wazi kwamba hana ruhusa hiyo. Walikuja ishirini na mmoja. Kati ya wengine, wanne waliingia viwandani kwa vyeti vya kuzaliwa vilivyoongezwa miaka, wasichana wawili wakaolewa, watatu walikwenda jimbo la Gauteng, huko Afrika Kusini, kwa ndugu, na waliosalia walikaa nyumbani tu. Nthofeela alifungua darasa la alasiri la kuwavusha kutoka mtaala hadi mtaala, na mimi nikalichukua somo la sayansi, ambalo silimudu vizuri.

Keneuoe hakuja wiki ya kwanza wala ya pili. Wiki ya tatu alikuja, akakaa karibu na ukuta, akafungua daftari. Nthofeela aliendelea kuandika ubaoni kama vile hakuona. Alipouliza nani amepata jibu, Keneuoe aliinua mkono.

"Ndiyo, Keneuoe."

"Kumi na saba, Mwalimu."

"Sawa."

Nyumbani kwao, Malineo aliniambia, hali ilikuwa hivyohivyo. Mtoto alisalimia, alisaidia kupika, alijibu alipoulizwa. Ila yale maongezi marefu ya zamani kati yake na Nthofeela, ya kucheka wakiwa wamelalia kitanda kimoja, yaliisha. Yule msichana aliyekuwa akimwita mama yake mdogo mara ishirini kwa siku alianza kusema naye bila kumwita kwa lolote.

Mwezi wa kumi ofisa aliyetupongeza Maseru alifika kijijini kwa mkutano wa wazazi. Alianza kwa kusema nchi yetu inaongoza kwa sehemu inayotenga kwa elimu. Mme Selloane alisimama, amevaa aproni yake ya sokoni, akatoa karatasi. Nthofeela alikuwa amemnakilia jedwali lote, mistari yote miwili na wa tatu, wa mahali pesa zinakoishia, alioufanyia kazi tangu Julai.

"Ntate," alisema, "huo wa kwanza tunaujua. Utusomee wa pili."

Ofisa alisema muda hautoshi.

"Sisi tuna muda," mtu mmoja akajibu kutoka nyuma, na watu mia mbili wakabaki wamekaa, wakimtazama ofisa. Akausoma. Aliusoma haraka, kwa sauti ndogo, wakamwambia arudie. Kisha akaahidi kuufikisha wizarani, akaingia kwenye gari.

Hakuna kilichobadilika mwaka ule. Mwaka uliofuata paa la darasa moja lilitengenezwa, lakini kwa fedha za kanisa. Mme Puseletso aliacha kufagia, walimwambia amezeeka. Keneuoe alifanya mtihani wetu akachelewa wenzake wa ng'ambo mwaka mmoja, akafaulu hesabu vizuri na Kiingereza kwa shida, na sasa anasomea uhasibu huko Maseru. Hupiga simu nyumbani kila Jumapili na kuzungumza na mama yake. Siku nyingine, Malineo akiwa na mikono yenye unga, humwambia mdogo wake apokee. Nthofeela hupokea. Huulizana habari za masomo na za afya, na kama kule mvua imenyesha.